Sura ya Tano: Ulimi Uliozoeshwa Unga Mweupe

Mtu aliyetoka Kasai au Lomami katika miaka ya 1920 kuja kutafuta kazi ya shaba Élisabethville, mji tunaouita Lubumbashi tangu 1966, hakuacha kijiji peke yake nyuma. Aliacha pia chakula chake. Wako waliokulia kwenye muhogo. Mbemba aliyevuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini alikulia kwenye ulezi. Mnyarwanda aliyeletwa kwa mkataba baada ya 1925 alijua maharage, ndizi na viazi vitamu. Wote walipoingia katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga walipimiwa kitu kimoja: unga wa mahindi.

Sababu haikuwa afya wala ladha. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mahindi ya mashamba ya Rhodesia yalisafiri vizuri ndani ya magunia, yakahifadhika, yakapimika kwa ratili na kuandikwa daftarini. Muhogo mbichi huoza baada ya siku chache. Kampuni iliyokuwa na maelfu ya watu wa kulisha ilichagua kilicho rahisi kwa karani. Kila wiki mchimbaji alichukua posho yake: unga, maharage au karanga, mafuta ya mawese, chumvi, na nyama au samaki mkavu. Kampuni ilipoamua, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwamba afadhali mfanyakazi akae na familia yake kuliko kwenda na kurudi, posho ikahesabiwa hadi ya mke na ya watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi weusi wa kampuni, aliona mtoto wa kambini kuwa mchimbaji wa kesho. Zikafunguliwa huduma za watoto wachanga na kantini ambako watoto walipewa chakula kilichopangwa na wazungu. Aliyekula humo tangu alipoacha ziwa alikua na ulimi wa kambi.

Tazama matokeo. Leo katika komuni zetu za Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, ukimwuliza mtu chakula ni nini, atakwambia bukari, yaani ugali. Anaweza kula mkate asubuhi, viazi mchana na sahani ya mchele saa kumi, na jioni akakaa chini akilalamika kwamba tangu asubuhi hajala. Jambo hili si la Lubumbashi peke yake. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya kazi na chakula mwaka 1939, alishangaa kuwaona watu wakitafuna mahindi ya kuchoma kadhaa kisha wakidai wanakufa njaa. Kwao kilichohesabiwa ni ubwali, na ubwali wao wa wakati ule ulikuwa wa ulezi, mweusi mweusi, wenye harufu yake. Wajukuu wa watu hao hao, waliovuka mpaka kuja huku au waliobaki upande wa Zambia, sasa wanauona ugali wa ulezi kama dawa ya wazee.

Ndiyo maana sikubaliani na mtu anayeniambia, mkono ukiwa kwenye kipande cha nyama, kwamba yeye kazaliwa hapendi mboga. Jiji zima hili lilibadilishwa ulimi ndani ya vizazi viwili. Lilibadilishwa na watu ambao hawakuijua sayansi ya ladha wala hawakuijali, kwa njia tatu tu: chakula kilekile kilirudi kila siku, kililiwa pamoja na wenzako, na kilikuja na heshima ya mtu mwenye kazi. Kilichofanywa na karani wa posho kwa faida ya kampuni, mama wa nyumba anaweza kukifanya kwa faida ya watoto wake. Sura hii inahusu namna ya kukifanya.

Kabla ya kufika jikoni, lazima tuseme ukweli kuhusu heshima, maana ndiyo kizuizi kikubwa kuliko ladha yenyewe. Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu 1967, iliendelea kwa miaka mingi kuwapa wafanyakazi wake unga pamoja na mshahara. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, kisha uporaji wa 1991, kisha miaka ya mishahara isiyokuja, ule unga ukakatika. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya hao wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba mwenyewe ni kampuni. Akina mama ndio walioingia bondeni kulima, wakarudi na matembele, lengalenga (mchicha) na sombe (kisamvu). Nyumba zikaendelea kuishi kwa majani. Lakini kitu kilicholiwa kwa kukosa kingine hakisahauliki haraka. Waliokuwa watoto miaka ile ni baba na mama wa leo, na wengi wao wakipata pesa, kitu cha kwanza wanachofukuza mezani ni mboga ya majani, ili jirani ajue kwamba shida imekwisha.

Namwelewa mtu huyo. Lakini daktari anapompima presha, au anapomwambia sukari imepanda damuni na ale mboga zaidi, apunguze chumvi, apunguze unga mweupe, anasikia kama ameambiwa arudi kwenye umaskini. Anapokea karatasi, anatoka zahanati, na njiani kurudi nyumbani anapita kwenye michopo. Maneno ya vitamini hayajawahi kuishinda harufu ya mbuzi wa makaa. Na mimi mwenyewe sitamwambia aache michopo. Jumapili jioni Kamalondo bila michopo ni jambo la kusikitisha. Ninachotaka ni siku nyingine sita.

Basi tuangalie ulimi unavyofundishika. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Leann Birch na Diane Marlin, waliwapa watoto wa miaka miwili vyakula wasivyovijua, vingine mara mbili tu, vingine hadi mara ishirini. Kadiri mtoto alivyokionja chakula mara nyingi, ndivyo alivyozidi kukichagua mwenyewe baadaye. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mara nyingi kinachohitajika ni kuonja kati ya mara nane na kumi na tano. Sasa fikiria nyumba zetu zinavyofanya. Mtoto anatema mboga chungu ya bilolo mara ya kwanza, mama anacheka, "huyu hapendi chungu," na neno hilo linakuwa jina lake. Mara ya pili haiji. Kilichomshinda mtoto huyo ni haraka ya mama yake ya kutoa hukumu.

Birch aliona mambo mengine mawili ambayo yangewafaa watu wa sinia moja kama sisi. La kwanza, mtoto asiyependa mboga fulani akikalishwa na wenzake wanaoipenda, siku chache baadaye naye anaichukua, na hilo linadumu hata wenzake wakiondoka. La pili ni baya kwa wazazi wenye mkono mzito: mtoto anayelazimishwa au kuahidiwa zawadi ili ale kitu, huja kukichukia zaidi. Ukimwambia "maliza lengalenga nikupe sikre," umemfundisha kwamba lengalenga ni adhabu na soda ndiyo chakula. Mama zetu walikuwa na njia nzuri zaidi ya hiyo. Walisema mboga inaongeza damu, wakaiweka katikati ya sinia, wakala wenyewe kwanza kwa hamu, na hawakumwangalia mtoto usoni.

Na somo linaanza mapema kuliko tunavyodhani. Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia, mwaka 2001 walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakiwa na mimba, au wakinyonyesha, walipoanza kula uji walipokea uji wenye ladha ya karoti kwa uso mzuri kuliko watoto wengine. Ladha ya anachokula mama inapita katika maji ya tumbo na katika maziwa. Mama mjamzito wa Lubumbashi anayekula sombe, uyoga na maharage anamwonjesha mwanawe jiji hili kabla hajaliona. Anayekaa miezi tisa kwa mkate mweupe na chai ya vijiko vitano naye anamwonjesha.

Vipi kwa mtu mzima, ambaye ulimi wake umeshakaa? Hapo habari ni njema, hasa kuhusu chumvi. Mary Bertino, Gary Beauchamp na mwenzao waliwapunguzia vijana chumvi kwa miezi mitano, wakachapisha matokeo mwaka 1982. Baada ya miezi michache supu ya chumvi ya zamani iliwakera, na ile yenye chumvi kidogo ikawa tamu kwao. Majuma ya kwanza ni magumu, kila kitu kinaonekana maji matupu. Kisha ulimi unashuka ngazi wenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha kila kitu. Ndani ya "kila kitu" hicho kuna kibonge cha mchuzi. Takribani nusu ya kibonge, mara nyingi zaidi, ni chumvi. Mama anayeweka vibonge vitatu kwenye sufuria ya sombe, halafu samaki makayabu ambaye tayari amekolea chumvi, halafu kijiko cha chumvi "ya kuonja", amekwisha kupita kipimo cha nyumba nzima kabla bukari haijaiva.

Usikitupe kibonge leo. Ukikitupa leo, kesho watu watakula nusu sahani, kesho kutwa utakirudisha, na hutathubutu tena. Toa kimoja kati ya vitatu, kaa hapo majuma mawili au matatu, hakuna atakayeuliza. Kisha kingine. Chumvi itie mwisho, sufuria ikiwa karibu kushuka, kwa sababu ikitiwa mapema unaongeza tena mwishoni kwa kudhani haipo. Na pengo la chumvi lisibaki tupu: kitunguu kilichokaangwa taratibu hadi kikawa na rangi, nyanya iliyoiva kweli, tangawizi, ndimu, pilipili. Sukari ya chai inashuka kwa njia hiyohiyo, nusu kijiko kwa nusu kijiko. (Wengi hawajui kwamba sukari ya Zambia iliyojaa masoko yetu hutiwa vitamini A kwa sheria ya nchi hiyo tangu 1998. Mtu akikutolea hiyo kama sababu ya kijiko cha tano, mcheke kwa upole.)

Sasa mboga yenyewe. Nachukua lengalenga, kwa kuwa ni ya bei ndogo na ya haraka, na ndiyo inayoharibiwa sana. Kosa la kawaida ni kuichemsha hadi inakuwa tope la rangi ya zeituni, mara nyingi na bikarbonati ndani ili ilainike na ibaki kijani. Bikarbonati inaua vitamini C na B1, na inaacha utelezi ambao watoto wengi ndio wanaouchukia wakidhani wanachukia mboga. Lengalenga changa inataka dakika chache tu. Osha majani katika maji mengi, ubadilishe maji hadi chini ya beseni pasibaki mchanga. Kata, chemsha kidogo kwa maji machache, kifuniko juu. Pembeni uwe umekaanga karanga kavu hadi ngozi inatoka kwa kuifikicha, ukazitwanga na kuzichekecha. Unga wa karanga ukoroge kwanza kwa maji ya uvuguvugu usigande mabonge, umimine juu ya mboga, upunguze moto. Koroga taratibu. Mwanzoni utaona maji meupe yaliyochafuka na utakata tamaa, ngoja. Baada ya muda mchuzi unakaza, mafuta ya karanga yanapanda juu katika vidoa vya dhahabu, na harufu inabadilika kutoka ya jani kuwa ya nyumbani. Hapo ndipo unatia chumvi, na utaona inatosha kidogo sana.

Karanga inafanya kazi mbili kwenye sufuria hiyo. Ulimi hupenda upesi ladha ngeni inapokuja pamoja na mafuta na shibe. Jani linabebwa na karanga hadi siku linapoweza kutembea lenyewe. Na mwili unahitaji mafuta ili uchukue vitamini A ya mboga. Mafuta mekundu ya mawese yanafaa pia kwa kiasi, na wekundu wake ndio utajiri wake. Anayeyachoma kwanza hadi yawe meupe ameichoma karotini na kubaki na mafuta matupu. Kuna faida nyingine ya karanga ambayo wazee waliijua kwa uzoefu. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Watu wa Meksiko, wenye mahindi ya asili, huyachemsha kwa chokaa na hivyo kuifungua. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo haukuvuka nayo, na maskini wa Italia na wa kusini mwa Marekani waliokula mahindi matupu walikufa kwa pelagra. Bukari na mchuzi wa karanga, au maharage, au samaki, ni kinga. Bukari na chumvi si kinga.

Kwa mboga chungu, dawa ni kuchanganya. Binadamu ana vipokezi vya uchungu vya aina 25 hivi, kwa sababu porini uchungu mara nyingi ulikuwa sumu, na mtoto anayetema anafanya kazi aliyorithi. Weka konzi moja ya bilolo katika sufuria ya lengalenga. Mwezi ujao mbili. Utafika siku ambayo lengalenga peke yake itaonekana imepungukiwa, kama ilivyowatokea wanywaji wote wa bia, maana sijaona mtu aliyeipenda Simba siku ya kwanza. Lakini sombe haina mchezo huo: majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na ni lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, kifuniko kikiwa wazi. Ubichi wa sombe si afya hata kidogo.

Kuhusu unga, walioko Tanzania wanaujua ugomvi wa sembe, unga uliokobolewa, na dona, unga usiokobolewa, tangu utotoni. Huku kwetu ugomvi huo uko kwenye maandishi ya gunia linaloingia kwa Kasumbalesa: "breakfast" ni mweupe, uliokobolewa hadi ukaachana na pumba na kiini; "roller" umebaki na sehemu ya vyote viwili na bei yake iko chini. Kwa hiyo mtu mwenye pesa hulipa zaidi apate kidogo: kuku ndio wanaopata nyuzi, chuma na vitamini B. Kwa nyumba iliyozoea weupe, bukari ya dona siku ya kwanza ina rangi ya vumbi na inakwaruza koo. Usiijaribu siku moja. Ukinunua meka nne za unga, moja iwe ya dona, changanya kavu kabla ya kuusonga, na usimtangazie mtu. Wengi wetu tayari tunachanganya mahindi na muhogo na hatuoni shida. Mkono umeshazoea kuchanganya. Zambia walifika mbali zaidi: mwaka 2012 walianza kuwapa wakulima mbegu za mahindi ya rangi ya machungwa, yenye vitamini A. Hofu ilikuwa kwamba watu wangeyakataa kwa kuwa mahindi ya njano yalikumbusha msaada wa njaa na chakula cha mifugo. Walipoyaonja bila hadithi hiyo, wengi waliyapenda.

Hapa mwandishi wa kitabu cha afya wa jiji jingine angeendelea kusifu mboga hadi mwisho. Wa Lubumbashi hawezi. Tanuru la shaba lilianza kuyeyusha hapa mwaka 1911, na vumbi lake na maji ya viwanda vilivyofuata vimeingia katika udongo wa mabonde tunayolima. Mwaka 2009 timu ya Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoît Nemery wa Leuven, ilichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga na kukuta kobalti nyingi mno, hasa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Watafiti wengine wa chuo hicho wamepima mboga za majani zinazouzwa masokoni mwetu na kukuta metali zisizotakiwa. Nilimsikia mteja mmoja sokoni Kenya akimwuliza muuzaji:

"Mama, hii lengalenga inatoka wapi?"

"Ya shamba, papa. Angalia majani, yote mazima."

"Shamba gani?"

"Papa, unanunua ao unaandika?"

Watu walicheka, na mteja alinunua. Lakini swali lake lilikuwa la maana kuliko vitamini zote nilizotaja. Muuzaji wa kudumu, anayekujua na ambaye bustani yake unaijua, mbali na bomba la kiwanda na mbali na barabara ya malori ya madini, ana thamani kuliko punguzo la bei. Kuosha kwa maji mengi kunaondoa vumbi lililokaa juu ya jani. Hakuondoi kilichopanda kutoka kwenye mzizi. Zungusha mboga, usile ya bustani moja mwaka mzima. Na wanaotoa vibali vya viwanda kando ya mito ya jiji wajue wanatoa kibali ndani ya sufuria zetu.

Msitu nao una chakula ambacho hakuna haja ya kumfundisha mtu kukipenda. Mvua za kwanza zikishuka, viwavi vinaingia sokoni, kisha kuanzia Desemba uyoga unapangwa kandokando ya barabara zinazotoka mjini, mwingine mkubwa kama mwavuli wa mtoto: Termitomyces titanicus, unaoota juu ya vichuguu, kofia yake inaweza kufika mita moja. François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi hapa miaka mingi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kinene juu ya vyakula vya msitu wa miombo, na ukikifungua unaona aibu kwa kiasi tulichosahau. Kiwavi kikavu kina protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Mtu anayelalamika kwamba nyama imepanda bei anapita mbele ya beseni la viwavi kwenda kununua Thomson aliyegandishwa kutoka Namibia. Thomson ni samaki mzuri, simsemi vibaya. Ila mtoto wa mjini ambaye hakupewa kiwavi kabla ya miaka mitano sita, akija kupewa ukubwani atapiga kelele, na kelele hiyo itaonekana ni ustaarabu. Wakati huohuo msitu unaoleta viwavi na uyoga unakatwa kwa ajili ya makaa tunayopikia.

Pierre Petit na watafiti wa Lubumbashi walikipa kitabu chao cha 2004 juu ya ulaji wa jiji hili jina la "Byakula", na hawakukosea kuona kwamba chakula kinastahili kitabu. Kilichobaki ni cha kwako, msomaji, na kinaanza na soko la wiki hii. Chagua mboga moja ambayo nyumba yako imeihukumu. Ipike na karanga, chumvi mwisho, iweke katikati ya sinia, kula wewe wa kwanza, usimwangalie mtoto usoni. Wiki ijayo ipike tena, na ijayo tena, hadi zipite mara kumi na tano. Ikiwa baada ya hapo bado kuna mtu anaikataa, mwache, kweli haipendi.